Jina Ambalo Bathurst Nzima Haina

Jumatatu, 12 Januari

Wifi yangu Ruqayyah anajifungua wiki ijayo. Jana mezani mdogo wetu Samir katangaza kwamba huyu ndiye wa mwisho. Kiwanda kimefungwa, alisema, huku akitafuna kebabu zangu. Mwanamume mzima, kaka wa pekee tuliye naye, anafunga kiwanda bila kutushauri!

Maana yake hii ndiyo nafasi yangu ya mwisho kumpa binadamu jina. Kwetu sisi Wahindi wa Moshi, jina la mtoto hatoi baba wala mama. Anatoa fui, yaani shangazi, dada wa baba. Siku ya sita mtoto analazwa kwenye shali, watu wanne wanashika ncha nne, wanambembeza, na fui anataja jina mbele ya ukumbi mzima. Fui akishataja, limetajwa. Ndivyo walivyofanya Moshi nilikozaliwa, na ndivyo tunavyofanya hapa Toronto, theluji au si theluji.

Tatizo ni kwamba mafui tuko wawili. Kuna mimi, Shireen, dada mkubwa, mkaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, ninayeishi na Mama. Na kuna Parin, mdogo wangu, mwenye mume, watoto watatu, gereji ya magari mawili na maoni juu ya kila kitu. Mtoto wa kwanza wa Samir alikuwa zamu yangu. Nilichelewa. Theluji ilikuwa nyingi, na pia nilirudi nyumbani kubadilisha viatu. Nilipoingia ukumbini Parin alikuwa ameshataja. Mohamedraza! Jina zuri, sikatai. Lakini kwenye madrasa ya Jumapili mwalimu akiita Mohamedraza, nusu ya darasa inasimama, na mmoja anachungulia kutoka darasa la jirani.

Safari hii nitataja mimi. Na nitataja jina ambalo Bathurst nzima haina, mtaa wote huu, kuanzia Steeles mpaka kituoni kwetu tunaposalia, na kuendelea. Parin ataniuliza nimelitoa wapi. Sitamwambia.

Jumanne, 13 Januari

Mungu mkubwa. Leo kaja kliniki Mkongo mmoja, Gaspard, mtu wa Bukavu, suti ya kijivu, shavu limevimba upande mmoja. Ananiita Madamu Shirini. Nikamwambia Daktari Fidahussein hana nafasi mpaka Machi. Akasema Machi atakuwa marehemu. Nikamuuliza kazi yake, kwa sababu fomu inauliza. Anafundisha Kigiriki cha kale kwenye chuo kimoja huku kaskazini. Karibu nicheke. Nikamuuliza Kigiriki cha kale anamfundisha nani, wenyewe si walishakufa?

Hakukasirika. Alisema Mgiriki wa kale hakumpa mtoto jina hivi hivi. Jina lilikuwa na maneno mawili yaliyoshonwa pamoja, na ndani yake kuna dua ya mzazi.

Masikio yalinisimama! Nani Bathurst ana jina la Kigiriki cha kale? Hakuna.

Nikafungua kompyuta. Alhamisi asubuhi alikuwepo Mzee Rahemtulla, kusafishwa meno. Mzee Rahemtulla meno yenyewe amebakiwa nayo machache, anaweza kusubiri. Nikamsogeza wiki ijayo, nikamwingiza Gaspard. Bei yake: majina. Alikubali akiwa ameshika shavu. Sidhani alielewa anakubali nini.

Alhamisi, 15 Januari

Gaspard katoka kwa daktari midomo imekufa ganzi, pamba shavuni. Nilimkalisha kwenye kiti cha kona nikamdai deni langu. Mgonjwa mmoja alisogea mbali nasi.

Alianza na Filipo. Maana yake apendaye farasi. Nikamwambia hapana. Akaleta Ksanthippe, farasi wa manjano. Akaleta lingine, na lenyewe lilikuwa na farasi ndani. Nilimuuliza kama watu hawa hawakuwahi kufuga kitu kingine. Alisema kwa heshima kwamba farasi ndiye alikuwa gari la kifahari la siku zile. Nikawaza: kumbe ni sawa na kitongoji cha Vaughan na magari yao.

Halafu akataja Eunike.

Eu ni vema, vizuri. Nike ni ushindi. Ushindi mwema! Ikiwa wa kiume, alisema, lipo Eunikos, mambo ni yaleyale. Mwili ulinisisimka. Ushindi mwema, dhidi ya nani? Sihitaji kuandika.

Nilimuuliza mara mbili kama ni jina la watu wenye adabu. Alisema ni la kale na la heshima kabisa. Alitaka kuongeza jambo lakini pamba ikadondoka.

Ijumaa, 16 Januari

Leo nimejifunza mambo makubwa. Sikujua kwamba jina la Kigiriki halikai mahali pamoja! Gaspard kanieleza kwa simu wakati wa chakula cha mchana. Sisi jina ni jina. Shireen kaja, Shireen kapigwa, gari la Shireen, mpe Shireen: Shireen yuleyule. Kwa Wagiriki wale mkia wa jina unabadilika kufuatana na yaliyomkuta mwenye jina. Eunike ndiye anayetenda. Kitu kikiwa chake, ni cha Eunikes. Ukimpa kitu, unampa Eunikei. Akitendwa yeye, akipigwa, akiachwa, akisahauliwa, ni Euniken. Na ukimwita aje, unarudi kwenye Eunike. Maumbo matano kwa mtoto mmoja. Parin alitoa jina lenye umbo moja, tena limetumika!

Nimeyarudia ndani ya gari kutoka kliniki mpaka nyumbani. Kwenye taa nyekundu dereva wa pembeni alinitazama, nami nikamtazama.

Halafu nikapata huzuni, sijui imetoka wapi. Parin maisha yake yote ni umbo la kwanza. Parin kaolewa, Parin kanunua, Parin katangaza. Mimi ni lile la nne. Shireen kaambiwa, Shireen kasogezwa, Shireen kapangiwa kukaa na Mama kwa sababu hana watu wengine. Nina miaka arobaini na saba na sijawahi kuwa mwanzo wa sentensi ya mtu. Nilikaa ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu, kisha nikapanda juu kupika dengu.

Siku hiyo ya shali mimi ndiye nitakayetenda, na wao watatendwa.

Jumamosi, 17 Januari

Mpango wa leo ulikuwa wa kijasusi. Mama hana siri. Ukimwambia jambo, Parin analijua kabla chai haijapoa. Parin akilijua jina langu ataliponda au ataliiba. Kwa hiyo nimempa Mama jina la uongo.

Nilimwambia, huku nikijifanya sitaki kusema, kwamba nimechagua Ksanthippe. Mama aliniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza maana yake. Nikamwambia farasi wa manjano. Mama akakaa chini. Akauliza kama nimekula. Akauliza kama kule kliniki kuna dawa zinazovuja hewani.

Nimekwenda kuoga na kuacha maji yamwagike kwa kelele ili ajisikie huru kupiga simu. Nilipotoka alikuwa ameshika tasbihi, simu bado ina moto pembeni. Safi kabisa! Sasa wakisikia farasi wa manjano, siku nikitaja Eunike watashukuru kwa machozi. Nashangaa kwa nini sikuingia serikalini.

Jumapili, 18 Januari

Samir kapiga simu asubuhi. Sauti ile ya upole anayotumia kwa watu wa bima. Alisema Parin kamlilia saa nzima. Nilifurahi kusikia. Kisha akasema, Dada Shireen, usijisumbue na jina. Mimi na Ruqayyah tumeshachagua. Siku hiyo mtoto akiwa ndani ya shali, Ruqayyah atakunong'oneza sikioni, na wewe ndiye utakayetaja. Heshima yako iko palepale. Halafu eti: utafurahi.

Nitafurahi! Kwa hiyo fui siku hizi ni kipaza sauti. Unamwashia, anasema, unamzima. Nilimuuliza jina gani. Akasema ni siri, nitalisikia siku hiyo. Nilimuuliza kama Parin analijua. Akakohoa. Samir akikohoa ni ndiyo.

Parin analijua! Mimi mkubwa silijui, Parin analijua! Nilimwambia sawa mdogo wangu, kama mlivyopanga. Nikakata simu, nikapiga mto ngumi.

Lakini sijakunja jamvi. Nimefikiri sana nikiosha vyombo. Kunong'ona kunachukua muda. Ruqayyah ni mtaratibu, hata chumvi anaiomba kwa salamu. Lazima ainame, asogeze mtandio, avute pumzi. Mimi ndani ya muda huo nitakuwa nimeshataja. Mbele ya ukumbi mzima! Na fui akishataja, limetajwa.

Jumatatu, 19 Januari

Msiba.

Niliomba ruhusa kliniki, nikasema naumwa jino, bila kufikiri. Daktari Fidahussein akataka kuniangalia. Nikasema limepona. Nikaenda hadi Jane na Finch, kwa sababu Gaspard alinialika chakula cha mchana cha akina mama wa kanisa lake. Nilitaka asikie matamshi yangu ya mwisho. Sijawahi kushuka kwenye gari mtaa ule. Maghorofa, mabasi, wanafunzi wenye mikoba. Nilifunga milango ya gari mara mbili. Mlangoni mwanamke mmoja alinipokea koti na kunipa sahani ya samaki na fufu, ugali wao wa muhogo, kabla sijajieleza.

Nimekaa. Nimeonja samaki. Samaki mtamu, sikatai. Mara mtu wa jikoni akapaza sauti: Mama Eunike!

Wakageuka wanawake watatu.

Watatu! Mmoja wao ndiye aliyenipokea koti. Nilimtazama Gaspard. Akatabasamu, jino jipya linang'aa. Akasema, donc, yaani, hilo ndilo nililotaka kukuambia siku ile pamba ikadondoka. Jina limo kwenye Biblia, kwetu Bukavu liko kila kona. Shangazi yake mwenyewe ni Eunike. Tena wale mama watatu walifurahi sana kusikia nataka kumpa mtoto wetu jina lao. Walinishika mikono. Mmoja alinifungia samaki wa kupeleka kwa mzazi.

Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea. Lakini baada ya chai akili ikarudi. Nilisema jina ambalo Bathurst nzima haina. Sikusema Jane Street. Watu wa Bathurst hawaendi Jane na Finch, na watu wa Jane na Finch hakuna anayewaalika Bathurst. Siri yangu iko salama. Samaki tumekula na Mama. Mama kauliza nimemnunua wapi, nikasema mtaa wa Yonge.

Jumanne, 20 Januari

Amezaliwa! Msichana!

Nilifika hospitali wa kwanza, kabla ya Parin. Parin alikuwa anatafuta maegesho, gari kubwa lina hasara zake. Ruqayyah amelala, uso umechoka, akanyoosha mikono akanipa mtoto. Ana nywele nyingi nyeusi na kidevu kidogo kimechongoka. Ruqayyah akasema kidevu ni cha fui. Nikamwambia pole. Wakacheka, yeye na Samir, wakatazamana. Wanatazamana sana wale wawili. Najua wanapanga.

Alinishika kidole. Niandike tu, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nilimpenda hapo hapo, moja kwa moja, kama mtu anayeteleza kwenye barafu. Nilitaka awe na jina ambalo mtu akiliita hatageuka mwingine. Nilitaka akumbuke ni nani aliyempa.

Parin akaingia na maua makubwa kuliko dirisha. Alinikumbatia kwa muda mrefu mno. Akasema, dada, Jumapili tafadhali usifanye vituko. Nikamuuliza vituko gani. Akasema farasi. Nikaangalia pembeni kwa uchungu wa kuigiza. Niko vizuri sana kwenye mambo haya.

Alhamisi, 22 Januari

Mambo ya kijinga kliniki. Mzee Rahemtulla kaja bila miadi, analalamika kwa sauti kwamba nimemsogeza mara tatu. Ni kweli. Mara ya pili na ya tatu Gaspard alikuwa anarudi kukaguliwa, nami nilihitaji kufanya mazoezi ya umbo la tatu. Mzee alifungua mdomo mbele ya wagonjwa wote kuonyesha madhara. Sikuona tofauti.

Daktari Fidahussein kaniita chumbani. Aliuliza Gaspard ni nani kwangu. Nikasema mwalimu wangu wa Kigiriki. Daktari alivua miwani. Alisema nimefanya kazi hapa miaka kumi na miwili na hajawahi kunielewa hata siku moja. Kisha akanihamishia stoo kuhesabu glovu mpaka mwisho wa mwezi, na simu yangu kukaa kwenye droo yake ya juu.

Mashujaa wote waliteswa. Nimehesabu glovu kwa maumbo matano.

Jumapili, 25 Januari

NIMETAJA!

Niandike kwa utaratibu. Ukumbi mdogo wa kituoni ulijaa. Biriani, mithai tamu za kila rangi, akina mama wote wa Bathurst wamevaa vya kung'aa. Safari hii nilifika saa mbili kabla, viatu tayari miguuni. Mtoto akalazwa kwenye shali ya kijani. Samir ncha moja, binamu wawili ncha mbili, Parin ncha ya nne, karibu yangu kabisa ili anichunge. Wakaanza kumbembeza na kuimba. Mama akafuta macho.

Ruqayyah akasogea upande wangu wa kulia. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Akainama. Akasogeza mtandio, kama nilivyotabiri. Akavuta pumzi. Nikasikia pumzi yake sikioni, ina harufu ya iliki.

Nikapiga kelele: EUNIKE!

Wimbo ukakatika. Shali ikasimama. Mtoto peke yake ndiye aliyeendelea, kwa kupiga chafya. Nikalirudia, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sauti ya juu. Nikaeleza: ushindi mwema, Kigiriki cha kale, maumbo matano. Nikayataja yote matano. Kwenye umbo la tatu mama mmoja nyuma alisema Amina.

Mohamedraza akauliza kwa Kiingereza kama ni jina la viatu. Watoto wote wakacheka. Hayo ndiyo matunda ya malezi ya kisasa.

Nilimgeukia Parin nione uso wake. Nilikuwa nimeusubiri uso huo miaka minne. Lakini haukuwa uso niliouagiza. Hakukasirika, wala hakucheka. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Samir alisema kitu chini chini, naye Ruqayyah, mtaratibu yule, akainua mkono, akasema kwamba fui ametaja na limetajwa. Mtoto anaitwa Eunike. Tule.

Nimeshinda! Nilikula sahani mbili za biriani. Sijui kwa nini hakuna aliyekuja kukaa meza yangu.

Jumatatu, 26 Januari

Mama hakuzungumza nami jana njiani, wala asubuhi. Kwa Mama hiyo ni rekodi. Mchana, nikiwa nimerudi kutoka kwenye glovu, akaniwekea chai, akakaa mbele yangu. Akaniuliza kama nataka kujua Ruqayyah alitaka kuninong'oneza nini.

Nikasema haina maana tena.

Akasema: Shireen.

Nikasema naam. Akasema hapana, hilo ndilo jina. Shireen. Walitaka mtoto aitwe Shireen.

Wazo halikuwa la Samir wala la Ruqayyah. Lilikuwa la Parin. Parin ndiye aliyewaendea tangu miezi ya nyuma, akawaambia Dada hana mtoto, na abaki na mmoja wa kubeba jina lake. Walitaka nilitaje mwenyewe, mbele ya watu wote, bila kujua mpaka dakika ile. Ndiyo maana siri. Ndiyo maana Parin alilia saa nzima aliposikia habari za farasi: aliogopa nitaharibu. Mama naye alijua, tangu mwanzo kabisa. Mama! Mama alitunza siri!

Nililia. Sitaki kuandika lakini nililia, nimeegemea meza, mpaka chai ikaingia machozi. Ningetamka jina langu mwenyewe, na ukumbi mzima ungelirudia. Mara moja tu katika maisha haya watu walinipangia jambo jema, nami nikalipigia kelele likafa. Mama alinishika kichwa kama mtu mwenye homa.

Lakini mbona hawakunidokeza? Mtu mwenye akili angenidokeza. Kwa kweli lawama ni ya Parin kwa asilimia kubwa.

Jumatano, 28 Januari

Samir kaja baada ya kazi, theluji mabegani, hakuvua hata koti. Alisema mtoto bado hajaandikishwa serikalini. Alisema amemuuliza Mama, na Mama kasema fui akiomba mwenyewe, shali inaweza kushikwa tena, nyumbani, sisi kwa sisi, bila ukumbi. Parin amekubali. Ruqayyah amekubali. Sharti ni moja tu: kwanza nisikilize, ndipo niseme.

Niliomba. Nilisimama sebuleni kwa Mama nikamwomba mdogo wangu wa kiume msamaha, nikaomba shali irudiwe. Sikuigiza. Samir alinikumbatia na koti lake la baridi. Nikampigia Parin. Tulilia wote wawili kwenye simu, akasema dada wewe ni mwendawazimu, nikasema najua, akasema Jumapili saa tisa. Leo nitalala vizuri.

Eunike naye? Samir kasema wanaweza kulipachika katikati, kama nikipenda. Nikasema si lazima.

Ijumaa, 30 Januari

Siku nzima stoo, glovu na furaha. Shireen mdogo! Nikawa nalisema polepole. Ni la Kiajemi, maana yake tamu. Nikaanza kujiuliza kwa mara ya kwanza Bathurst tuna akina Shireen wangapi.

Nimehesabu bila kutaka. Kuna Shireen wa sambusa. Shireen wa benki. Shireen mke wa yule fundi mabomba, Shireen mama yake fundi huyohuyo, na Shireen yule mrefu anayekaa mstari wa mbele kituoni kila Alhamisi. Mwalimu wa madrasa akiita, wangapi watasimama? Jina ni langu na nalipenda, lakini si la peke yangu, na mtoto huyu anastahili la peke yake.

Sitaki vituko. Nimeahidi kusikiliza na nitasikiliza. Niliuliza tu, kwa kujifunza. Simu ilikuwa droo ya Daktari Fidahussein, lakini Daktari alikuwa anang'oa jino. Nilijifungia chooni nikampigia Gaspard. Nikamuuliza, Wagiriki wa kale hawakuwa na mtoto aliyeitwa Mtamu?

Akasema walikuwa naye. Glikera.

Glikera! Na mkia unabadilika vilevile: cha Glikeras, umwone Glikeran. Nikamuuliza kama yuko Bukavu. Akasema hajawahi kumsikia. Yuko kwenye Biblia? Hayumo. Jane na Finch? Akawaza, akasema hapana, Madamu Shirini, huko hakuna hata mmoja.

Na maana yake ni Shireen! Ni jina langu lilelile, wao wenyewe wamelichagua, mimi nalisema tu kwa lugha ya kale. Hakuna atakayesema sikusikiliza. Jumapili Ruqayyah atainama, nami nitamsikiliza kwa utulivu mpaka amalize neno zima. Nitaitikia kwa kichwa. Nitamshukuru. Halafu nitataja Glikera mara tatu, kwa sauti. Parin atafurahi sana.